Acha Akiba

Habari ya kifo cha Fundi Athumani ilinikuta kwa kinyozi hapa Nyakato, Mwanza, povu limejaa kidevuni. Simu iliita, kinyozi akasema nisigeuke, nikageuka, akanikata. Alikuwa Zuhura, binti wa fundi, anapiga kutoka Bunda. Hakulia. "Baba mdogo, baba ametutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya alasiri. Sanda watu wa msikiti wanaikata wenyewe, ila baba aliacha neno. Vile vitambaa vya kufungia, alisema uvichane wewe. Alisema Jeshi anajua." Nikamuuliza najua nini. Akasema, "Hakufafanua. Alisema tu unajua." Nikafuta povu kwa kiganja, nikamwacha kinyozi kashika wembe wake, ndevu za upande mmoja bado zipo. Mtu mwingine angekaa kwanza amaliziwe. Mimi nilikwenda Bunda na kidevu cha nusu na sikuona haya, maana yule mzee alinipokea nikiwa nusu zaidi ya hapo.

Nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Duka nililonalo, na vyerehani vilivyomo, na vijana wanaokula kwa kazi hiyo, sikuachiwa na mtu wala sikusaidiwa na cheti. Nasema hivyo ili anayesoma asidhani ninajifanya mwalimu. Kabla ya kuwa fundi nilikuwa komando. Watu wakisikia neno hilo wanataka niwasimulie visu na kula nyoka. Nyoka nimekula, hana utamu wa kusimulia. Kilichobaki mwilini mwangu ni chumba cha kukunjia miamvuli ya kurukia kutoka ndege. Chumba kirefu, meza ndefu kuliko ya harusi, sakafu imepigwa deki mpaka unaona haya kukanyaga, na ndani hakuna kuongea. Kila komando alijifunza kukunja, na wachache kati yetu tulifundishwa na kushona. Sajini wetu alikuwaga na sheria moja: aliyekunja ndiye anayeruka. Anakuja asubuhi, ananyoosha kidole kwenye mwamvuli wowote ulioukunja jana, anasema, "Vaa huo." Hapo ndipo unajua kama jana mikono ilikuwa kazini au ilikuwa inawaza wanawake. Kila mwamvuli ulikuwa na kadi yake, na kwenye kadi majina: nani kashona, nani kakunja, nani kakagua. Na kila mrukaji alivaa mwamvuli wa pili kifuani, mdogo, wa kuvuta kama ule wa mgongoni umegoma. Ule mdogo tuliuitaga akiba.

Siku moja mkanda wa bega wa rafiki yangu Mwita ulifumuka hewani. Mshono wake nilikuwa nimeurudishia mimi. Mwita akaning'inia upande mmoja kama mbuzi anayepelekwa mnadani kwa baiskeli, akafika chini vibaya, nyonga ikavunjika. Waliochunguza walisema kitambaa chenyewe kilikuwa kimeliwa na jua, mshono hauna kosa. Sawa. Lakini mimi nilijua mkono uliopita pale ni wa nani. Mwita akarudishwa kwao upande wa Butiama na mkongojo, mimi nikabaki. Tangu hapo sikushona mshono mmoja tena mahali popote. Nilipiga mitatu.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule nilioacha jeshi, vita ya Uganda imeshapita na nchi imekauka. Wenye umri wangu wanaukumbuka. Rafu za maduka zilikuwa tupu, muuzaji kakaa anapangusa vumbi la rafu. Sukari ilipitia kwa balozi wa nyumba kumi, sabuni tulikata vipande kwa uzi, na waliokosa kabisa walifua kwa majani ya mpapai. Nilishuka Musoma na begi moja, na ndani ya begi kitu kimoja cha maana: kigurudumu cha uzi wa mwamvuli, uzi wa nailoni, alichonipa sajini siku ya kuagana. "Mwenzako akipewa saa, wewe shika hiki," aliniambia. Pale Musoma kila niliyemwomba kazi alinitazama mabega, akanipa jibu lile lile: lala getini, linda ghala, linda gari, linda samaki. Mwenye ghala mmoja akaniambia, "Komando kama wewe, mwizi akisikia jina tu anahama mji." Nikamwambia atundike jina langu getini, mimi mwenyewe niende nikatafute kazi. Sikuondoka jeshini ili nikakae kwenye kiti nikisubiri mtu mbaya. Nikafunga begi, nikaenda kumtafuta Mwita.

Mwita nilimkuta kwake, amekaa kwenye kigoda, anamenya mihogo kwa kisu tulichogawiwa jeshini. Aliponiona hakusimama. "Magesa," akasema, "umekuja kunibeba au kula?" Nikasema kula. Mkewe akatuletea ugali wa udaga, wa mihogo iliyovundikwa, mweusi, unavutika, na furu wa kukaushwa, wale samaki wadogo ambao mifupa yao ina ugomvi na koo. Tulikula haraka kama kambini. Nilitaka kumwambia habari ya ule mkanda. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Halafu akanyoosha mguu wake kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mzigo, nikalimeza pamoja na furu. Akaniambia, "Bunda kuna fundi Mwislamu, Athumani, macho yanaanza kumchoka. Wewe si unashona? Nenda. Usimwambie umeua watu, mwambie unashona."

Baraza la Fundi Athumani lilikuwa linatazama njia ya kwenda kiwanda cha pamba. Msimu wa pamba nyuzi nyeupe zilipeperuka mpaka zikakaa kwenye nywele, unaonekana umezeeka kabla ya saa nne. Lakini uzi wa kushonea dukani hapakuwa. Pamba imejaa mji, uzi hakuna. Mtaeleza wenyewe mliosoma. Fundi alikuwa mfupi, kofia ya kiua, futi kamba shingoni, baba yake alifika huku zamani kutoka Tabora akiuza shanga. Akanipa mkono wa shati, akasema ushikize. Nikaushikiza. Akaushika, akauvuta, akautega kwenye mwanga. "Subhana! Huu uzi umetoa wapi?" Nikamwonyesha kigurudumu. Akakizungusha mkononi kama mtu aliyeshika yai la mbuni. Akasema, "Bwana Jeshi, mkono unao. Kaa hapo kwenye cherehani ya pili. Kiti hicho hakijawa chako, kaa tu."

Kaa tu. Nilikaa miezi. Nililala chumba cha uani kilichonuka mbegu za pamba, kuta za udongo, dirisha la ukubwa wa daftari. Asubuhi Bi Hadija, mke wa fundi, alitupa chai ya rangi isiyo na sukari na kiazi kitamu cha kuchemsha, unauma kiazi, unakunywa chai, utamu unaupata njiani. Mchana ugali, dagaa, mlenda. Zuhura alikuwa mdogo, anajifunza kuhesabu kwa vifungo vya baba yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya mkaa kwenye kitambaa kibichi, naona lile baraza.

Kazi kubwa ya mwaka ule haikuwa kushona nguo mpya. Nguo mpya ungeshona na nini? Kazi ilikuwa kugeuza. Mwalimu analeta shati, kola imekatika shingoni. Unaifumua kola, unaigeuza upande wa ndani ukae nje, unairudishia, mwalimu anapata shati jipya. Karani analeta suruali, unafumua, unaitoa kaptula ya mwanawe. Gauni la mama linakuwa la binti. Fundi alifumua kwa kipande cha wembe na vidole viwili, trrr, kama mtu anayemenya ndizi. Mimi nilichukia kufumua. Kila uzi ulipokatika nilisikia sauti ile ya mkanda. Nikawa nachagua kazi za kushonea tu, na kila nilichoshona nilipiga mishono mitatu.

Mchana mmoja baada ya kula, nimejilaza chumbani kwangu, nikawasikia ukutani. Bi Hadija alisema, "Huyu Jeshi wako anashona kama anafunga mateka. Mama Nyamburi kaleta shati lake, kola nimeshindwa kuifungua mimi na kisu cha samaki." Fundi akacheka. "Mkono anao, mama Zuhura. Hajui kufumua tu." "Na utamlisha mpaka ajue?" Fundi akajibu, "Mpaka shule zifunguliwe. Nikiona hafai, nitamwambia aende Musoma akalinde. Kule wanamtaka." Nikalala chali natazama bati. Nimeruka kutoka ndege, jama, nimevuka mto na bunduki kichwani, lakini sijawahi kuogopa neno kama nilivyoogopa lile la kulinda. Niliona kabisa maisha yangu yote yaliyobaki: kiti, geti, tochi.

Basi ikaja kazi ya shule moja ya upande wa Butiama. Kamati ya wazazi ilikuwa imepata jora la kaki kwa kibali cha wilaya, baada ya kusubiri mpaka wengine wakasahau waliomba nini. Kaptula arobaini. Jora hilo hilo, hakuna lingine. Siku hiyo hiyo cherehani ya fundi ikavunjika kifaa, ikabidi aende kukitafuta Musoma. Alipokuwa anavaa kanzu ya safari akaniambia, "Bwana Jeshi, kata kwa vipimo hivi hapa. Kila moja acha akiba. Umenisikia? Acha akiba." Nikakaribia kupiga saluti. Nikasema, "Nimesikia, fundi."

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao fundi wa kawaida hawezi kuufanya hata akiwa amelewa. Fundi nguo akikwambia acha akiba, anasema acha kitambaa cha ziada ndani ya pindo na kwenye mshono wa nyuma, mtoto akikua mama afumue, kaptula iteremke, ipanuke, ivaliwe mwaka mwingine na mwingine. Kila mtu mwenye mtoto anajua. Mimi akiba niliyoijua ilikuwa ya kifuani: kitu cha pembeni, kimekunjwa, kinasubiri siku ya hatari. Kwa hiyo nilikata zile kaptula kwa kubana, kwenye kipimo chenyewe, kaptula na mtoto kama ganda na ndizi. Kila nilipokata nikabana kidogo tena, ili kitambaa kibaki. Kikabaki kipande kizuri kirefu. Nikakikunja kwa mikunjo ya kijeshi, kona kwa kona, nikakiweka juu ya rafu. Halafu nikazishona zote arobaini kwa uzi wa nailoni. Mishono mitatu. Nilimaliza nikiwa na furaha ya mtu aliyefunga ng'ombe wake wote zizini.

Fundi alikawia Musoma, kifaa hakikupatikana upesi. Kamati ikaja, ikachukua kaptula, ikaondoka ikinishukuru. Aliporudi nikateremsha kile kipande, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Akiba hii hapa, fundi." Akakitazama. Akanitazama. Akakaa kwenye mkeka, kofia akaivua. "Bwana Jeshi. Hii ni nini?" Nikasema, akiba. Akafumba macho. "La ilaha illallah. Na kaptula ziko wapi?" Nikasema zimeenda.

Zilirudi baada ya siku mbili. Walikuja wanawake watano na karai kichwani, kaptula zimejaa ndani, na nyuma yao Mwita anachechemea na mkongojo wake, maana mwanawe alikuwa katika wale arobaini. Mama mmoja wa Kikurya, mrefu, akatupa kaptula kwenye meza. "Wee mura, wee kijana! Hii nguo umemshonea mtoto au chupa? Mtoto wangu akila ameshiba anakwama!" Mwingine akageuza pindo. "Tazameni, hakuna kitu ndani. Mwakani nitateremsha nini, magoti yake?" "Nimejaribu kufumua," akasema wa tatu, "uzi haukatiki, kaki ndiyo inachanika." Watu wa njiani wakasimama kutazama. Mimi nimesimama wima, mikono kwenye mapaja, kama nasomewa mashtaka. Mwita akachukua kaptula ya mwanawe, akaivuta mshono kwa nguvu zake zote, haukutoa hata mlio. Akacheka mpaka akaegemea nguzo. "Magesa, ndugu yangu. Hawa watoto wanaruka kamba, hawaruki ndege!"

Wale mama wakacheka, hata yule mrefu. Fundi hakucheka. Akawaambia, "Mama zangu, hilo neno nililisema mimi na nikaondoka, kwa hiyo lawama tunagawana. Kabla shule hazijafunguliwa mtazipata, zina pindo." Walipoondoka akaniwekea mbele wembe, sindano nene, na lile karai. Akasema taratibu, bila hasira, na ndiyo maana iliniingia: "Utafumua zote. Uzi huo ukiukata kwa pupa utachana kaki, na kaki nyingine hakuna hapa mpaka Mwanza. Ukimaliza bila kuchana hata moja, kiti hicho ni chako. Ukichana, basi, Musoma kuna maghala."

Nikakaa chini. Uzi wa nailoni haufumuki kwa wembe. Inabidi uingize ncha ya sindano chini ya kila tundu la mshono, uuinue, uukate juu kwa juu, uende tundu linalofuata. Mishono mitatu. Kaptula arobaini. Siku ya kwanza nilimaliza tatu, vidole vimetoboka, jasho linanidondoka kwenye kaki. Mwita alibaki pale Bunda kwa shemeji yake, kila asubuhi anakuja barazani, anakaa kwenye gogo, ananitazama kama mtu anayetazama mpira. Siku ya pili, nikiwa nimeinama, nikasema bila kuinua kichwa. "Mwita. Ule mkanda wako niliushona mimi." Cherehani ya fundi ikanyamaza. Mwita akatema ganda la muwa. "Najua." "Unajua tangu lini?" "Tangu kabla sijauvaa. Kadi si ilikuwa pale? Wewe unadhani mimi naruka na kitu bila kusoma kadi? Nilisoma: kashona Magesa. Nikasema, aa, huu ni wa Magesa, nikauvaa." Akaongeza, "Kitambaa kilikuwa kimeoza. Ungepiga mishono kumi ungefumuka na ile kumi yote. Sasa endelea, kijana wangu anashinda na kaptula ya kaka yake, imemfika kwenye visigino."

Sikulia. Niliingiza sindano tundu linalofuata, na naapa mkono ulikuwa mwepesi. Fundi akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, akanionyesha jinsi ya kulaza kidole gumba ili kitambaa kisivutwe. Ndipo aliponiambia maneno ambayo nawaambia vijana wangu mpaka wanayaigiza nikigeuka. "Ile miamvuli yenu ilishonwa isifumuke, kwa sababu ni ya dakika chache. Nguo ni ya miaka. Mtu anakua, ananenepa, anakonda, anakufa inavaliwa na mwingine. Fundi anayeshona asifikirie atakayefumua, huyo hajamaliza kazi."

Nilimaliza siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Sikuchana hata moja. Na kile kipande nilichokikunja kijinga juu ya rafu ndicho kilichotuokoa, maana tulikikata vipande vyembamba tukaunga kwenye mapindo na nyuma ya kiuno, kila kaptula ikapata nafasi yake ya kukua. Tulishona kwa uzi wa pamba, mshono mmoja. Kigurudumu cha nailoni fundi alikirudisha kwenye begi langu kwa mkono wake. Yule mama mrefu alipokuja kuchukua, aligeuza pindo, akaingiza kidole ndani, akanitazama. "Sasa umezaa," akasema, "umeshona kama mwenye mtoto." Jioni ile Bi Hadija aliniwekea kichwa cha sato, sehemu ya mwenye nyumba, na hakuna aliyesema neno juu ya kiti. Nilikaa tu.

Mwaka haujaisha vizuri wakaruhusu mizigo ya nje. Marobota ya kafaulaya, nguo kuukuu za Ulaya, yakashuka Musoma, halafu Bunda, makoti ya watu warefu, suruali ambazo wangeingia wawili. Mafundi wengine walilia kwamba kazi imekufa. Fundi Athumani alishika suruali moja kiunoni, akaitanua, akasema, "Bwana Jeshi, hawa Wazungu wametuletea akiba tu, nguo tutatoa wenyewe." Tulifumua miaka na miaka. Duka langu la Nyakato lilitoka kwenye kufumua. Mwita alitutoka kabla ya fundi. Nilimshonea suti yake ya mwisho, na ndani ya pindo nikaacha akiba ya vidole vitatu, ingawa nilijua halitateremshwa.

Siku hiyo ya maziko nilifika Bunda watu wameshajaa. Wazee wa msikiti walitazama kidevu changu, wakakumbuka mimi ni Mkristo, mmoja akataka kusema kitu. Zuhura akamwambia, "Ni usia, mzee," akanipa kitambaa cheupe na kuniacha peke yangu kwenye baraza, pale pale. Nikaketi kwenye kiti changu. Nikachana vitambaa vya kufungia kwa mkono, bila mkasi, kwa sababu kitambaa kikichanwa kinafuata uzi wake. Mara ya kwanza nilivichana kwa kipimo cha fundo. Nikavitazama. Nikaviweka pembeni, nikachana vingine virefu zaidi.

Sikuingia kaburini, si nafasi yangu. Nilisimama nyuma ya wenzangu, naona vichwa vya watu watatu waliokuwa chini wakimlaza kwa ubavu. Najua desturi yao: akishalazwa, yale mafundo yanafunguliwa, haachwi amefungwa. Nilibana pumzi kama zamani mlangoni mwa ndege. Sauti ikatoka chini, "Limefunguka." Halafu la kati. Halafu la miguuni. Kijana mmoja akainua uso wenye udongo, akauliza waliokuwa juu, "Nani kachana hivi vitambaa? Vina mikia mirefu, ukivuta kidogo tu vinaachia."

"Ni akiba," nikasema.